Nilivyotaka Kumnywesha Mgeni Rasmi Maji ya Mlonge

Jamani, hili nawasimulia kwa mdomo wangu mwenyewe, maana mtaa wetu wa Kiseke mzima wameshalisikia na kila anayelisimulia anaongeza chumvi yake, mpaka juzi muuza nyanya ananiuliza eti ni kweli yule mama mgeni rasmi alizimia. Hakuzimia. Hakunywa hata tone. Aibu ilikuwa yangu peke yangu, nimeshaibeba, na leo naiweka hapa yote muicheke mpaka mtosheke.

Mimi ni mwalimu wa kemia kwenye shule iliyo karibu na ziwa. Naitwa Kabula, wanafunzi wananiita Madam Kabula, na kama kuna kitu nimejaliwa basi ni kujiamini. (Mume wangu anasema nikiulizwa njia ya mahali nisipopajua naelekeza tu, tena kwa mkono.) Darasani hilo linanisaidia sana, kwa sababu mtoto akiona mwalimu anasitasita naye anasitasita, na mimi sisitisiti.

Sasa, mimi nimekulia Kwimba, na kwetu enzi hizo maji tulichota lamboni, yaani kwenye lile bwawa la kuchimbwa ambalo ng'ombe nao wanaingia kunywa, na maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Mama yangu alikuwa anamenya mbegu za mlonge, anazitwanga, anachota konzi moja ya unga wake, anakoroga kwenye mtungi, anafunika, na sisi tukirudi kutoka kuchunga tunakuta tope lote limelala chini na maji ya juu meupe mpaka unauona udongo wa mtungi wenyewe. Nimeliona hilo utoto wangu wote. Halafu nimekwenda chuo nikafundishwa na sababu yake, kwamba ile mbegu ina vitu vinavyozivuta chembe za tope zikashikana, zikawa nzito, zikazama. Kwa hiyo nilikuwa nalijua jambo hili kutoka jikoni kwa mama na kutoka chuoni. Nani alikuwa na ubavu wa kuniambia kitu kuhusu mlonge?

Shule yetu ikaandaa siku ya wazazi yenye maonyesho ya sayansi, kila idara na meza yake. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja aliyestaafu ualimu, na habari iliyozagaa ofisini ni kwamba yeye na wenzake wanataka kusaidia maabara ya idara moja, ile watakayoona inafanya kazi ya maana. Mjue maabara yetu ya kemia ni chumba kilichokuwa stoo ya majembe, sinki hamna, meza moja ina miguu mitatu na tofali. Niliitaka ile maabara kama mgonjwa anavyotaka maji. Mpinzani wangu alikuwa Mwalimu Deus wa fizikia, aliyekuwa anatengeneza jiko la jua la kuchemshia yai. Yai! Nikacheka kimoyomoyo, nikasema huyu nimeshammaliza, mimi nageuza maji machafu kuwa safi mbele ya macho ya watu.

Katika kikundi changu cha maonyesho kulikuwa na binti wa kidato cha tatu anaitwa Rehema. Kwao ni Igogo, kando ya ziwa, mpole sana, haongei mpaka awe na swali, na akiwa nalo hatulii. Siku mbili tatu kabla ya maonyesho akanifuata.

"Madam, tusijaribu kwanza?"

"Kujaribu nini tena?"

"Kuona kama mlonge unafanya kazi na maji ya huku. Yale ya ziwani."

"Rehema, mlonge haujui maji ya huku wala maji ya kule. Maji ni maji."

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia, wapendwa. Mchana ule ule tulikuwa na nafasi, mbegu tunazo, ndoo tunazo, ziwa liko palepale chini halijahama, na mimi nikaamua kwamba kujaribu kitu ninachokijua ni kupoteza muda. Badala yake tukautumia mchana wote kufanya mazoezi ya majibu. Mimi nasimama kama mgeni rasmi, nauliza, "Wanafunzi, mnaona nini?" na wao wanaitikia kwa pamoja, "Maji yamekuwa safi na maangavu, mgeni rasmi!" Tukarudia mpaka wakawa wanaitikia kama kwaya, na sauti ya pili wameweka. (Ndoo iliyokuwa mbele yao wakati wa mazoezi hayo ilikuwa tupu. Tupu kabisa! Hakuna aliyeshangaa, na mimi wa kwanza.)

Rehema akarudi tena. Akasema tuweke ndoo ya pili, yenye maji yale yale lakini isiyotiwa kitu, watu walinganishe. Nikamwambia ya nini, kila mtu anajua maji machafu yanavyofanana. Hakubishana, ila siku yenyewe niliiona ndoo ya pili iko chini ya meza, nikamuuliza, akasema ni ya kunawia mikono. Nikaiacha.

Siku ikafika. Maturubai yamefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, wazazi wanaingia. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Kwimba jana yake, maana nilimwambia njoo uone mwanao anavyofundisha ujuzi wako mbele ya wakubwa, akavaa kitenge chake kipya na kukaa mstari wa mbele kabisa, mkabala na meza yetu, kama yeye ndiye mgeni rasmi.

Wanafunzi waliochota maji ufukweni Pasiansi wakayaleta. Nikafunua ndoo. Nilishtuka kidogo, nasema kidogo tu, kwa sababu mimi kichwani nilikuwa na chai ya maziwa na pale ndani mlikuwa na maji mepesi yenye ukijani kwa mbali, na vichembe vichembe vinaelea kama unga wa majani.

"Mbona hayana tope?" nikauliza.

"Ndiyo yalivyo, Madam," Rehema akasema. "Labda mvua inyeshe ndiyo yanakuwa na tope."

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema vizuri sana, kazi itakuwa nyepesi, nikachota konzi ya mlonge kama nilivyomwona mama akichota, nikamimina kwenye ndoo ile, ambayo ni ya plastiki inayoonyesha ndani, nikakoroga kwa madaha huku wazazi wanaangalia, nikaifunika kwa shuka mpaka chini. Mgeni rasmi alikuwa anaanzia upande mwingine, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha wa maji kutulia.

Maji hayakutulia. Baadaye nikafunua kidogo nichungulie na nikakuta yale yaliyokuwa na ukijani sasa yamekuwa meupe, si meupe ya kuona chini, meupe ya maziwa yaliyotiwa maji. Nikafunika haraka. Moyo ukaniambia subiri. Nikasubiri, nikafunua, yako vilevile, na juu kumeanza povu.

Mama akanyanyuka kwenye kiti. "Kabula! Umeweka kidogo. Ongeza!"

"Mama, nimeweka konzi nzima."

"Ongeza, nakwambia! Kwani huko chuo waliwafundisha kuogopa mbegu?"

Wazazi wakacheka, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nafikiri hivyo hivyo (damu ni moja), nikaongeza konzi ya pili. Mwalimu Deus akaja kutoka kwenye meza yake, akachungulia ndoo yangu, akapiga mluzi mdogo, akarudi kwenye yai lake bila kusema neno. Mluzi ule uliniuma kuliko tusi.

Mgeni rasmi akafika, na mkuu wa shule pembeni yake na msafara nyuma. Mama mtulivu, miwani, suti ya rangi ya krimu, sauti ya chini. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa kila mwanafunzi. Nikashika maiki. Nikaeleza. Jamani, nilieleza! Sijawahi kufundisha vizuri kama siku ile, nimetoka Kwimba nimefika mpaka kwenye chembe na chaji zake, watu wanaitikia kwa vichwa, mama yangu anapangusa jicho. Nikafunua ndoo kama mtu anayefunua sanamu ya shujaa.

Mgeni rasmi akainama, akaangalia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaangalia tena. Halafu akawageukia watoto. "Wanafunzi, mnaona nini?"

"Maji yamekuwa safi na maangavu, mgeni rasmi!"

Kwa pamoja. Na sauti ya pili. Macho yao yote yanaangalia ndoo iliyokuwa nyeupe pepe kama nguo ya komunyo, na midomo inasema maangavu, na niwaambie ukweli, hawakuwa wanadanganya, nilikuwa nimewaambia watakachokiona na wao wakakiona. Kutoka nyuma baba mmoja akasema kwa sauti, "Maangavu wapi, huo si uji?" Hapo uwanja wote ukalipuka kwa kicheko.

Mgeni rasmi hakucheka. Akaelekeza kidole chini ya meza. "Na ile ndoo nyingine?"

Rehema akanitazama mimi kwanza. Mimi nikatazama paa la turubai. "Ni maji yale yale, mama," akasema, "ila hatujaweka kitu."

"Iweke hapa juu tuione."

Ikawekwa. Zikakaa bega kwa bega, ndoo ya kunawia mikono, maji mepesi ambayo vichembe vyake vimeanza kushuka vyenyewe bila msaada wa mtu, na ndoo yangu ya utaalamu, uji wenye povu. Hata mtoto mchanga angejua anyweshwe ipi.

Sasa sikilizeni ubongo wa mwanadamu unavyofanya kazi. Nilikuwa naziona ndoo zote mbili. Macho yangu ni mazima. Lakini kichwa kilikataa katakata, kikaniambia mlonge unasafisha maji, kwa hiyo maji haya ni safi, kwa hiyo kinachoonekana kina maelezo, na nikaanza kutoa maelezo! Nikasema weupe ule ndio ushahidi kwamba mbegu imefanya kazi. Nikasema kilichobaki ni kuchuja. Nikavua kitambaa changu cha kichwa (jamani, kitambaa changu cha kichwa, mbele ya wazazi), nikakitandaza kwenye jagi, nikachuja, na maji yakatoka meupe vilevile. Kadiri watu walivyocheka ndivyo nilivyozidi kupanda. Mwisho nikamimina kwenye glasi mbili na kusema kwenye maiki, "Nami kama mwalimu ninayeamini ninachofundisha, nitakunywa."

Nikanywa. Glasi nzima. Mimi, mwalimu wa kemia, ninayewafundisha kidato cha kwanza kila mwaka kwamba maji kuonekana safi siyo kuwa salama, nikanywa maji ya ziwa mabichi ambayo hata kuonekana safi hayakuonekana. Uchungu wake sitausahau, kama kutafuna maharage mabichi yaliyolala na kwinini. Nikatabasamu. Nikachukua glasi ya pili, nikamnyooshea mgeni rasmi kwa mikono miwili, kwa adabu zote za nyumbani.

"Karibu, mama."

Na yule mama, kwa ustaarabu wake, akapokea. Nadhani hakutaka kuniaibisha zaidi. Akaiinua glasi mpaka karibu na mdomo.

"Mama usinywe! Hayajachemshwa!"

Alikuwa Rehema. Sauti yenyewe sikuwahi kujua kama anayo. Glasi ikabaki hewani. Binti ameshika mdomo kwa mikono yote miwili, anasema, "Samahani Madam, samahani Madam," na mkuu wa shule ameshageuka, uso umekunjamana, kidole kimenyooka. "Wewe mtoto! Unamkatiza mwalimu wako mbele ya mgeni?"

Nawaambia ukweli wangu hapa. Kulikuwa na njia ya kutokea. Ningenyamaza tu, mkuu angemtoa Rehema pale, kelele zingekuwa juu ya utovu wa nidhamu, na ndoo yangu ingesahaulika. Niliiona njia hiyo, pana kabisa. Lakini nikamwangalia yule mtoto aliyeshika mdomo, ambaye ndiye pekee katika uwanja mzima aliyekuwa ameangalia maji.

"Mkuu, mwache," nikasema. "Amesema kweli. Mama, naomba hiyo glasi. Usinywe."

Mgeni rasmi akaishusha polepole, akanirudishia, akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini, kama mwalimu anayemuuliza mwanafunzi, "Mlijaribu kabla ya leo?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa najua."

Maiki ilikuwa bado mkononi mwangu, tena imewashwa. Spika zote za uwanja zikasema, *kwa sababu nilikuwa najua*, na mwangwi ukaliongeza la mwisho, najua, najua, mpaka ukutani kwa mabweni. Safari hii walicheka wote, walimu, wazazi, mkuu mwenyewe, mgeni rasmi akavua miwani kufuta machozi, na mimi nikajikuta nacheka nao, kwa sababu kwa kweli ningefanya nini kingine?

Vifaa vya maabara walipata fizikia. Yai la Deus liliiva. (Aliniletea kipande, na chumvi. Nilikula.) Mama yangu hakukubali kushindwa hata kidogo, njia nzima kurudi nyumbani anasema, "Mlonge hauna kosa. Ziwa lenu hilo lina kasoro," na tumbo langu likaanza kumjibu badala yangu. Liliniendesha siku mbili, sikwenda kazini, na mume wangu kila akipita mlangoni anauliza kama maji yameshatulia.

Niliporudi shule, Rehema alikuwa ananikwepa. Nikimwona upande huu anapitia ule. Nikamwita ofisini, akaja ameinamisha kichwa, anasubiri adhabu.

"Ile ndoo haikuwa ya kunawia mikono," nikamwambia.

Akasema, "Hapana, Madam."

"Ulijua mlonge hautafanya kazi?"

"Sikujua, Madam. Mimi mlonge sijawahi hata kuuona ukitumika. Ndiyo maana nilitaka kuona."

Fikirini hilo. Hakunishinda kwa kujua zaidi. Alikuwa hajui kitu, na kutojua kwake kulimfanya aangalie, na kujua kwangu kulinifanya nifumbe macho huku yako wazi. Nikamwambia avute kiti. Tukapanga upya jaribio lote, yeye akiwa kiongozi. Jirani yetu wa Kwimba aliyekuwa anakuja mjini akatuletea dumu la maji ya lambo, tukachota na ya ziwani, tukayatia mlonge kwa vipimo mbalimbali, kutoka ncha ya kijiko mpaka konzi ya mama yangu, na kila aina ikawa na ndoo yake isiyoguswa. Niliwakataza kusema chochote mpaka waandike walichokiona. Maji ya lambo yakafanya maajabu yale yale ya utoto wangu, tope likalala, watoto wakapiga makofi. Ya ziwani, ukitia kidogo hayabadiliki sana, ukitia mwingi unapata uji. Mlonge unahitaji tope la kushika. Pasipo na tope la kutosha, mbegu yenyewe ndiyo inakuwa uchafu. Kwa hiyo mimi nilikuwa sahihi, naomba iandikwe hivyo, nilikuwa sahihi kabisa, ila kwa Kwimba.

Na maji yote tuliyapeleka kuchemsha kabla mtu hajafikiria kuonja.

Tangu siku hiyo nimejiwekea kiapo, na nimewaapia wanafunzi wangu wanishike nikikivunja: hakuna jaribio litakalofika mbele ya watu kabla sijaliona likinishinda nikiwa peke yangu, na hakuna mtoto nitakayemfundisha jibu kabla hajaona ndoo. Ni kiapo kigumu kwa mtu wa tabia yangu. Wiki iliyopita nilikuwa naweka ndimu kwenye maji ya rosela, yale mekundu, na mtoto mmoja wa mbele akauliza, "Madam, rangi itakuwaje?" Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lilikuwa linasukuma meno. Nimefanya jaribio hilo miaka yote niliyofundisha.

Nikameza mate. "Sijui," nikamwambia. "Sogea tuangalie."